Fedha za Ukame na Nyasi za Lafey

Alipoapishwa Septemba 2022, Rais William Ruto alitangaza kwamba gunia la mbolea la kilo 50, lililokuwa likiuzwa kwa takriban shilingi 6,500, lingeuzwa kwa shilingi 3,500 na serikali ingelipa tofauti. Huko Trans Nzoia na Uasin Gishu hiyo ilikuwa habari njema ya msimu. Kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya Kenya, huko Lafey, mvua ilikuwa imekosekana misimu minne mfululizo, na wa tano ulikuwa njiani kuja mtupu vilevile. Mbolea haina mnunuzi pale. Shamba la mtu wa Lafey ni mbuga inayotandaa hadi mpaka wa Somalia, na mazao yake ni ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe.

Ni rahisi kutoka hapo na kusema kwamba serikali humlipia mkulima na kumsahau mfugaji. Historia haisemi hivyo. Serikali, ya kikoloni kwanza na ya Kenya huru baadaye, imepeleka fedha za dharura kaskazini kwa zaidi ya miaka themanini. Imechimba maji, imenunua mifugo iliyokonda, imewapa watu pesa taslimu, imewakatia bima. Jambo moja tu halijapata mlipaji wa kudumu, nalo ni nyasi zenyewe: gharama ya kuiacha ardhi ipumzike ili iote tena. Sababu ya pengo hilo haiko kwenye ukame. Iko kwenye swali la nani mwenye ardhi.

Mbuga isiyo na ua

Lafey ni kaunti ndogo ya Mandera, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 ni eneo bunge lenye wadi tano: Sala, Fino, Lafey, Warankara na Alango Gof. Mto Daua, unaonywesha mashamba ya vitunguu na maembe kule Rhamu na kandokando ya mji wa Mandera, haupiti huku. Kaunti nzima hupata wastani wa milimita 255 hivi za mvua kwa mwaka, tena mvua ya kubahatisha: hunyesha bonde hili, ikaruka lile. Mwaka wa mfugaji una misimu minne. Gu ni mvua za Aprili hadi Juni, Hagaa ni ukavu wenye upepo unaofuata, Deyr ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na Jilaal ni kiangazi kikali cha Januari hadi Machi.

Wafugaji wa huku, wengi wao wa ukoo wa Murule, waliishi kwa kufuata misimu hiyo. Kabla ya kuhama walituma sahan, yaani wapelelezi wa malisho. Watu wachache wenye macho makali walitembea siku kadhaa kutazama wapi mvua imenyesha, nyasi gani zimeota, kuna kupe au hakuna, na nani ametangulia kufika. Waliporudi wazee walikaa kitako wakaamua. Visima vya kudumu vilikuwa na wenyewe na vilikuwa na zamu zake, kwa mujibu wa heer, makubaliano ya koo ambayo kila mtu mzima aliyajua kwa moyo. Wakati wa Jilaal mifugo ilibanana karibu na visima hivyo. Mvua ikishanyesha, ilitawanyika kufuata madimbwi ya muda, na nyasi za karibu na visima zikapata miezi kadhaa ya kuota bila kukanyagwa.

Kwa hiyo, hifadhi ya ardhi hapa ilifanyika kwa kuondoka. Hakukuwa na matuta, ua wala kibao. Kila mpango wa serikali uliofuata unaweza kupimwa kwa swali hili: je, ulisaidia watu kuondoka kwa wakati, au uliwafunga mahali?

Ng'ombe wa Machakos na silanga za kaskazini

Waingereza walianza kwa kuwafunga. Sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902 iliifanya kaskazini kuwa eneo la kuingia kwa kibali, na sheria ya 1934 ya wilaya maalumu ikakaza zaidi. Makabila na koo ziligawiwa maeneo ya malisho, na aliyevuka bila ruhusa alitozwa faini ya mifugo. Azma ya kwanza ilikuwa amani na ulinzi wa mpaka, kwa kuwa upande wa pili walikuwako Waitalia, waliokabidhiwa Jubaland mwaka 1925. Hata hivyo mistari iliyochorwa kwa ajili ya amani ilikata njia za kuhama.

Miaka hiyohiyo ya 1930, maofisa wa kikoloni walikuwa wakisoma kwa hofu habari kutoka Marekani, ambako dhoruba za vumbi zilikuwa zikibeba udongo wa mashamba ya nyanda za kati. Serikali ya Marekani ilijibu kwa fedha. Katika wilaya zilizotangazwa kuwa za dharura ilinunua ng'ombe waliokonda kwa dola 14 hadi 20 kwa kichwa ili kupunguza mzigo juu ya malisho, na baada ya hapo ikaanza kuwalipa wakulima waliokubali kutunza udongo wao.

Nchini Kenya hofu ilikuwa ileile lakini dawa ilikuwa tofauti. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwapunguzia Wakamba wa Machakos ng'ombe kwa nguvu, ikiwakamata na kuwauza kwa bei ya kutupa huku kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kikisubiri. Julai mwaka huo Wakamba, wake kwa waume, waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu na kupiga kambi mjini. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma. Somo lilibaki kwenye mafaili: ng'ombe wa Mwafrika hawapunguzwi kwa amri tu. Baada ya vita kuu ya pili fedha zilianza kutoka. Machakos ilipata matuta, mabwawa na maofisa wa kilimo kupitia mpango wa maendeleo ya ardhi za Waafrika, na mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaongeza jambo lililokuja kuwa na uzito mkubwa: hati ya shamba kwa mtu mmoja mmoja, hasa katika nyanda za juu.

Kaskazini ilipata maji. Mwanajiolojia Frank Dixey alipewa kazi ya kuchunguza maji ya mkoa wa mpakani katika miaka ya 1940, na mpango uliotokana na ripoti yake ukaitwa kwa jina lake. Wazo lilikuwa na mantiki. Kulikuwa na mbuga pana zenye nyasi zisizoliwa kwa kukosa maji, wakati sehemu za karibu na visima zilikuwa zimelika hadi udongo. Chimba silanga kule kwenye nyasi, mifugo itatawanyika. Kisha utawala uzifungue na kuzifunga silanga hizo kwa zamu, na malisho yatapumzika.

Silanga yenyewe ni kitu chepesi kukieleza. Ni shimo pana lililochimbwa kwenye udongo unaoshika maji, na udongo uliotolewa hupangwa kuwa ukuta upande wa chini. Maji ya laga, ule mto mkavu unaofurika saa chache baada ya mvua, huelekezwa yaingie. Likijaa, hudumu miezi miwili au mitatu kabla jua na mifugo havijalimaliza. Kila furiko huja na tope lake, na kila mnyama anayeingia kunywa hubomoa kingo. Bila kuzolewa udongo mara kwa mara, baada ya miaka michache linabaki bakuli la vumbi. Nusu ya kwanza ya kazi hiyo serikali iliiweza, yaani kuchimba. Nusu ya pili, kufunga silanga wakati nyasi zimechoka na kuizoa wakati imekauka, ilitaka mtu wa kudumu mwenye mamlaka na bajeti, na ofisa wa wilaya aliyekuwa akibadilishwa kila baada ya muda mfupi hakuwa mtu huyo. Palipokuwa na maji mapya watu walianza kukaa mwaka mzima, na nyasi zilizokusudiwa kuokolewa zikaliwa zikaisha.

Vitalu na hali ya hatari

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 ya mwezi huohuo serikali ilitangaza hali ya hatari katika mkoa wa kaskazini mashariki, kwa sababu wakazi wengi Wasomali walitaka kuungana na Somalia, na baadhi yao walikuwa wameshika silaha. Vita vya Shifta vilidumu hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika vita hivyo serikali iliwakusanya wafugaji kwenye vijiji vilivyolindwa, na mifugo iliyokutwa nje ya maeneo yaliyoruhusiwa iliweza kutaifishwa au kuuawa. Sheria za hali ya hatari zilibaki vitabuni hadi Novemba 1991. Kwa miaka karibu thelathini, kuhama, ambako ndiko kulikoitunza ardhi, kulikuwa jambo la kushukiwa na polisi.

Wakati vita vikiendelea, Nairobi ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo. Waraka huo ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la mapato, yaani penye mvua, udongo mzuri, reli na barabara. Matokeo yake yalionekana kwenye miteremko. Kuanzia 1974, kwa msaada wa Sweden, mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo uliwafikia wakulima wadogo wa nyanda za juu na Ukambani kwa zana, ushauri na kazi ya mitaro, na matuta ya fanya juu yakaenea vilima kwa vilima. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kudumu ya kuhifadhi udongo na kupanda miti, na mawaziri wakawa wanapigwa picha wakijenga gabioni. Mkulima aliyesaidiwa alikuwa na shamba lenye mipaka, na tuta lililojengwa juu yake lilikuwa lake.

Kaskazini mashariki ilipangiwa vitalu. Katika mradi wa maendeleo ya mifugo ulioanza mwaka 1968 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na awamu yake ya pili iliyoanza 1974 wafadhili wengine wakiwemo Wamarekani, mbuga zilichorwa kwenye ramani kuwa vitalu vikubwa vya malisho. Kila kitalu kilipangiwa maji yake, na ndani yake mifugo ingezungushwa kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa ratiba. Ilikuwa ndoto ya Dixey kwa mashine kubwa zaidi. Katapila zilifika, silanga zilichimbwa, barabara za vumbi zilifunguliwa, na watu walizifurahia kwa dhati.

Ratiba ndiyo iliyovunjika. Deyr inaweza kuloanisha bonde moja na kuyaacha kumi yaliyo jirani. Mpango wa kalenda ulimtaka mfugaji akae kwenye kitalu kikavu huku akiona kwa macho yake mawingu yakimwaga kwenye kitalu cha pili, na hakuna mwenye mifugo atakayekubali hilo, wala sahan yake isingemshauri hivyo. Na ile kazi ya kufunga maji ilibaki bila mwenyewe. Wazee wenye heer hawakupewa mamlaka juu ya silanga za serikali, kwa kuwa ni za serikali. Serikali yenyewe ilikuwa mbali.

Upande wa soko kulikuwa na Idara ya Masoko ya Mifugo, iliyorithi shirika la kikoloni lililoanzishwa 1952. Ilinunua ng'ombe wa kaskazini, ikawaweka karantini kwa hofu ya homa ya mapafu, kisha ikawapeleka kusini kwenye ranchi za kunenepesha au kwa Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, iliyoundwa 1950. Kwa mfugaji huo ulikuwa mlango wa kutokea: ukame ukinukia, uza baadhi, punguza mzigo. Mlango huo ulisinyaa miaka ya 1980 fedha zilipokwisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 KMC ikafunga kiwanda. Kilikuja kufunguliwa tena mwaka 2006.

Nchi ya miradi

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na mpaka ulio mashariki ya Lafey ukawa njia ya wakimbizi na bunduki. Kambi zilifunguliwa Mandera, El Wak na Banissa, na kubwa kuliko zote Dadaab. Ukame wa 1991 na 1992 ulikuta watu wawili wawili kwenye kila kibuyu cha maji. Tangu hapo, kaskazini mashariki iliingia katika zama za magunia ya msaada, maboza ya maji na miradi yenye vifupisho.

Mradi mkubwa zaidi ulianza 1996 kwa fedha za Benki ya Dunia, chini ya Ofisi ya Rais, kusimamia rasilimali za maeneo kame. Ulifanya jambo moja lenye thamani hadi leo: uliweka watu mashinani wa kuandika kila mwezi bei ya mbuzi sokoni, maziwa yanayopatikana nyumbani, umbali wa kutembea hadi majini na afya ya watoto kwa kupima mkono wa juu. Takwimu hizo zikaipa wilaya hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Sasa serikali iliweza kujua ukame unakuja kabla ya mizoga kuonekana barabarani.

Kujua ni jambo moja na kulipa ni jingine. Katika ukame wa 1999 hadi 2001 serikali na mashirika yalinunua mifugo katika wilaya kadhaa za kaskazini, yakalipia malori ya wafanyabiashara, yakachinja na kugawa nyama kwa shule na familia zisizo na kitu. Ununuzi wa aina hiyo una saa yake. Mbuzi akinunuliwa angali na nyama mgongoni, mwenye mali anapata bei ya haja na nyasi zinapata nafuu. Akinunuliwa miezi miwili baadaye, amebaki ngozi na mifupa, wengine wanafia ndani ya lori, na nyasi zilizotakiwa kuokolewa zimekwisha kuliwa. Mara nyingi fedha zilikuja kwenye saa ya pili, kwa kuwa bajeti ya dharura hufunguliwa baada ya dharura kutangazwa, na dharura hutangazwa baada ya mifugo kuanguka.

Mradi wenyewe uliishia vibaya. Ulifungwa Desemba 2010, na ripoti ya ukaguzi wa Benki ya Dunia pamoja na wakaguzi wa serikali iliyotolewa 2011 ilianika matumizi mengi ya kutiliwa shaka katika wilaya zilizochunguzwa, risiti za magari na semina zikiwemo. Mwaka huohuo, huku Somalia ikiwa katika njaa, serikali iliunda Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Ukame, NDMA, ikarithi wale waandishi wa bei za mbuzi. Mwaka 2012 waraka mpya wa bunge, Namba 8, ulitambua uhamaji wa wafugaji kuwa njia halali ya kutumia nchi kavu. Ilichukua miaka 47 tangu ule Namba 10.

Kadi na setilaiti

Kuanzia 2009, wakazi wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera walianza kupokea fedha mkononi kupitia mpango wa kinga dhidi ya njaa, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na Uingereza. Katika awamu ya pili iliyoanza 2013, karibu kila familia ya kaunti hizo nne iliandikishwa na kufunguliwa akaunti ya benki. Familia zipatazo 100,000 zilizohesabiwa kuwa maskini zaidi zililipwa kila baada ya miezi miwili, na kufikia 2016 malipo yalikuwa shilingi 5,400. Zilizobaki zilikaa na kadi zao zikisubiri. Setilaiti ikionyesha uoto wa kaunti ndogo umeshuka chini ya kiwango kilichowekwa, nazo zililipwa kwa mwezi huo. Fedha hizo hazikuhitaji baraza, lori wala orodha mpya ya chifu. Ziliingia, na duka la kijiji likauza unga.

Lakini zilikuwa fedha za binadamu, si za mifugo. Mwaka uliofuata kuanza kwa malipo hayo, Januari 2010, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya ILRI ilizindua huko Marsabit bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti. Shirika la bima ya Kiislamu la Takaful liliipeleka Wajir mwaka 2013, na Machi 2014 wafugaji wa huko wakapata fidia yao ya kwanza. Serikali ilipoona hivyo iliingia yenyewe. Oktoba 2015 ilizindua mpango wa bima ya mifugo wa Kenya, KLIP, ukianzia Turkana na Wajir kisha ukaenea hadi kaunti nane, Mandera ikiwemo.

Hii ndiyo ruzuku iliyofika karibu zaidi na nyasi, na inafaa kuitazama kwa karibu. Kila familia iliyochaguliwa ilikatiwa bima ya vipimo vitano vya mifugo. Kipimo kimoja ni ng'ombe mmoja, au mbuzi kumi. Ngamia mmoja huhesabiwa kuwa kipimo kimoja na zaidi kidogo. Ada yote ililipwa na serikali. Setilaiti ilipima ukijani wa ardhi, na kiwango cha msimu kikalinganishwa na cha miaka iliyopita ya eneo hilohilo. Kikianguka mno, kampuni za bima zililipa hata kama hakuna mbuzi aliyekufa, kwa sababu lengo lilikuwa mfugaji anunue chakula na dawa kabla kifo hakijafika. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 14,000 kwa kipimo kwa mwaka, yaani 70,000 kwa vipimo vyote vitano.

Agosti 2016 familia 275 za Wajir zililipwa shilingi milioni 3.5. Februari 2017, katika ukame mkubwa, familia zipatazo 12,000 katika kaunti sita zililipwa shilingi milioni 214. Ukigawanya, kila familia ilipata wastani wa shilingi 17,800 hivi. Kwa mwenye mbuzi hamsini hicho ni kiasi cha kuokoa wazazi wa kundi, si kundi zima, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa: mfugaji akibaki na mbuzi jike kumi wenye afya, baada ya Gu mbili tatu anasimama tena.

Tatizo la kwanza lilikuwa sokoni. Marobota ya nyasi kavu huja kutoka mbali, na barabara ya kwenda Mandera ilikuwa imegeuka ya hatari. Novemba 2014 wapiganaji wa al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera wakawaua abiria 28. Mwenye lori anayekubali kwenda hupandisha nauli, na shilingi za bima zinapungua thamani kabla ya kufika kinywani mwa mbuzi. Tatizo la pili lilikuwa angani. Setilaiti huona kijani bila kuuliza ni kijani cha nini. Vichaka vya mathenge au miti ya miiba isiyolika vinaweza kuifanya ardhi ionekane hai huku chini hakuna jani la kondoo. Sahan ya watu wanne ingeliona hilo kwa asubuhi moja.

Na tatizo la tatu ni la msingi. Fidia hulipwa nyasi zikishaisha. Hakuna kipengele kinachomlipa mtu kwa kuziacha. Mfugaji aliyeondoa mifugo yake mapema ili bonde lipumzike, na yule aliyebaki hadi bonde likawa vumbi, wakiwa eneo moja walipokea fidia sawa. Ada iliyolipwa yote na Hazina ilikuwa pia mzigo usiodumu. Mrithi wa KLIP, mradi wa DRIVE ulioanza 2022 kwa fedha za Benki ya Dunia, umemtaka mfugaji achangie sehemu ya ada mwenyewe.

Ukame wa misimu mitano

Mvua zilizokosekana kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 zilikuwa mtihani wa mipango hii yote kwa pamoja. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Serikali ilitenga shilingi milioni 450 ili KMC, iliyokuwa imehamishiwa Wizara ya Ulinzi mwaka mmoja nyuma, inunue mifugo ya wafugaji walioathirika. Kutoka Lafey hadi Athi River ni safari ya takriban kilomita elfu moja. Kufikia mwanzo wa 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa katika kaunti kame za Kenya. Kisha Novemba 2023 mvua za El Nino zilishuka kwa fujo juu ya ardhi iliyokuwa uchi, na Mandera ikawa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Mbuzi waliovuka ukame walikufa kwenye maji, na silanga zilizosubiri mvua kwa muda mrefu zilifukiwa na tope au kupasuka kingo. Udongo usio na nyasi haushiki maji wala haujishiki wenyewe. Hapo gharama ya kutolipia nyasi ilionekana kwa jicho.

Wamarekani, waliowahi kununua ng'ombe kwa dola 14, wana tangu 1978 mpango wa dharura wa kuhifadhi mashamba. Mafuriko, kimbunga au ukame mkali ukiharibu shamba, kwa kawaida serikali hulipa hadi asilimia 75 ya gharama ya kuondoa vifusi, kusimamisha ua upya, kusawazisha udongo au kupeleka maji ya mifugo. Mwenye shamba huleta ramani, ofisa huja kukagua, kazi hufanywa, hundi hutolewa. Mpango wa namna hiyo unasimama juu ya jambo ambalo Lafey haikuwa nalo: mlipwaji anayejulikana kisheria kuwa mwenye ardhi. Tangu uhuru mbuga za Mandera zilikuwa ardhi za amana chini ya halmashauri ya wilaya. Wazee walioamua nani anywe wapi hawakuwa chochote mbele ya hakimu. Ruzuku ikija, inaweza kumfikia mtu kwa kuwa maskini, au mnyama kwa kuwa amekonda. Kwa bonde lililopumzishwa, haikuwa na jina la kuandika kwenye hundi.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imefungua njia ya jina hilo. Jamii inaweza kujiandikisha, kuchagua kamati, kuweka kanuni za matumizi ya malisho na kupata hati ya pamoja. Uandikishaji umekwenda polepole kaskazini kote, na hofu zake si za kupuuza. Mstari wa hati unaweza kukata njia za kuhama kama mistari ya 1934, na kati ya koo ambazo zimewahi kumwagiana damu kwa sababu ya visima, kuchora mpaka ni kuchokoza. Isiolo nayo imetoa onyo. Huko mradi wa kaboni wa mbuga za kaskazini uliuza nje hewa iliyosemekana kuhifadhiwa na malisho yaliyopangwa vizuri, malipo ya nyasi kwa maana kamili, na Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha katiba. Fedha zilitangulia, idhini ya wenyewe ikaachwa nyuma.

Ndiyo maana utaratibu unafaa kugeuzwa kwa Lafey. Wadi za Kenya sasa zina kamati za kupanga fedha za tabianchi, chini ya mpango wa kitaifa ulioanza 2021, na kamati hizo zinaweza kulipia mambo madogo yenye faida kubwa: posho na mafuta ya sahan, kuzoa udongo wa silanga kabla ya Gu, mlinzi wa bonde lililofungwa kwa makubaliano ya koo, mazungumzo ya kuvuka mpaka wa wadi au wa kaunti ukame unapokaribia. Hakuna hata kimoja kinachohitaji setilaiti mpya. Vyote vinahitaji serikali ikubali kwamba heer ni mamlaka ya kusimamia ardhi, na iiweke kwenye bajeti kabla ya tamko la dharura. Mkulima wa Uasin Gishu hulipiwa mbolea wakati wa kupanda, kabla mvua haijamsaliti. Mfugaji wa Lafey naye alipiwe wakati wake wa kupanda, nao ni pale anapoamua kuliacha bonde lenye nyasi bado.